Zahanati Uliyotuachia Kule Mlimani

Kaka yangu Yona,

Shikamoo. Sijaacha kukuamkia, ingawa huitikii tena. Barua hii nimeiandika ili isomwe na yeyote, kwa sababu mambo yako hayakuwa ya familia yetu peke yake.

Nakumbuka uliporudi kutoka masomoni ukiwa daktari. Uhuru ulikuwa bado mpya, na watu walikuja mpaka kutoka Misigiri kukutazama tu. Mama alitegemea ufungue chumba chako cha kutibia mjini, kama yule daktari aliyemrudisha baba mlangoni kwa kuwa hatukuwa na hela mkononi. Baba alikufa tukiwa bado tunatafuta mtu wa kununua ndama. Ulimwambia mama, "Mimi sitakaa nyuma ya mlango wa namna ile." Hakukuelewa. Alinuna siku nzima.

Ukaajiriwa na serikali. Kila likizo ulinisimulia mikutano ya madaktari huko Dar es Salaam, jinsi ulivyosimama kusema mgonjwa asidaiwe hela, na kwamba fedha za hospitali kubwa za mijini zingeweka zahanati vijijini. Wengine walitaka ruhusa ya kutibu kwa malipo jioni, baada ya kazi. "Wenzangu wananiita mwinjilisti," ulisema ukicheka, lakini niliona marafiki wako wanapungua.

Ukaja na huku Ulemo kuitisha mikutano. Nilikaa mbele siku ile jirani yetu bibi Marita alipokuuliza, "Dawa ya bure, sawa. Sasa huyo anayetudunga atakula nini?"

"Atalipwa na serikali, bibi. Na serikali ni nyinyi."

"Na mimi pia ni serikali?" akauliza. Watu walicheka, na yeye akaziangalia nguo zake kama anazikagua.

Azimio la Arusha lilipokuja, maneno yako yakawa ndiyo maneno ya redioni. Nilidhani tumeshinda. Tulibeba mawe, tukafyatua matofali, na wewe ukivua shati siku za likizo ukatusaidia. Zahanati ikasimama kule mlimani kwetu, ikapata mganga, kabati la dawa na kitanda cha kuzalia. Mdogo wetu Raheli alijifungulia pale mtoto wake wa kwanza. Ulimpakata yule mtoto, ukatoka naye nje kuwaonyesha watu.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Sisi wa mlimani tulitakiwa kushuka kandokando ya barabara. Kwenye mkutano hukupinga Ujamaa. Ulisema watu wahame, ila zahanati na maji vitangulie. Kiongozi aliyetoka wilayani alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Daktari, kazi yako ni sindano. Siasa ina wenyewe." Haukupita muda ukahamishiwa mkoa wa mbali.

Nyumba zetu zilibomolewa mtama ukiwa bado shambani. Mganga alishushwa pamoja nasi, akapewa kibanda cha nyasi na aspirini, nazo zikaisha. Kitanda cha kuzalia kilibaki mlimani, mlango umefungwa. Ulikuwa ukituandikia kwamba umeomba tena wizarani, kwamba tuvumilie. Tulivumilia.

Uchungu wa mtoto wa pili ulimshika Raheli huko chini. Alitokwa na damu tangu alfajiri. Mganga alinawa mikono, akamwangalia, akaniita pembeni. "Dada, sina kitu," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukamsogeza barabarani kungoja lori la kumpeleka hospitali. Alikuwa akiniuliza kama limeonekana. Lilipofika, hakulihitaji tena. Mtoto naye tulimzika pamoja na mama yake.

Ulifika tumeshazika. Ulikaa na mama jikoni, ukasema, "Niliomba zahanati. Sikujua nilitakiwa kuomba na watu waachwe karibu nayo."

Mama akakujibu, "Kula, mwanangu." Hukula.

Hamkuonana tena. Figo zilikuua huko huko ulikohamishiwa. Tuliambiwa walitaka kukulaza daraja la kwanza, ukakataa, ukalala sakafuni wodini na wagonjwa wengine. Wenzako walilisimulia jambo hilo msibani kwa fahari. Mimi sikuona fahari yoyote. Nilitamani ungelala kitandani, kaka. Kulala kwako chini hakukuwapatia kitanda wale wa sakafuni.

Mtoto mkubwa wa Raheli namlea mimi. Akipata homa namfunika, namnywesha maji, nangoja ipungue. Mama hazungumzi habari zako. Sijui kama ni uchungu au ni kuchoka.

Wiki iliyopita mwenyekiti alituita, akatangaza kwamba kijiji kitajenga zahanati mpya. Alisema matibabu ni haki ya kila mwananchi, kwamba serikali ni sisi wenyewe. Alisema vizuri, kama wewe. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali. Watu wakanyanyuka wakaenda zao.

Siku ya kazi ilipofika nilikwenda kubeba mawe. Usije ukadhani nimepata moyo. Asiyekwenda analipishwa faini.

Pumzika, kaka. Huku hakuna la kunifanya nikuombe urudi.

Mdogo wako uliyemwacha,
Elizabeti