Waya wa Simu Mkobani

Jumatatu, 3 Machi 2008

Kompyuta imerudi! Mzee Amarjit, mwenye karakana, ameileta mwenyewe kwa pikapu, imeviringishwa blanketi la kijivu na kufungwa kwa kamba. Ilikuwa imehifadhiwa hekaluni kwao tangu ile Ijumaa ya Januari vurugu za uchaguzi zilipofika mjini, tulipofunga karakana mchana na kila mtu akatafuta njia ya kufika kwake. Nimeipangusa, nimeiwasha — ikawaka. Nilitabasamu mpaka Wawira wa kaunta akaniuliza kama nimepata mchumba.

Karakana inaanza kufanana na karakana. Kiprugut, welda wetu, alirudi wiki jana kutoka kwao Rongai. Siku ya kwanza yeye na Wawira, ambao watu wao walikuwa wamepigana, walisalimiana kama watu wanaopitana hospitalini. Leo nimewasikia wakibishana kwa nini chai ina maji mengi. Nilisimama nyuma ya kabati nikisikiliza, na moyo ukatulia.

Lakini Outlook imekataa kufunguka. Inaleta kadirisha kadogo, ati haiwezi kufungua folda zangu. Nikibonyeza OK, inajifunga. Nikirudia, vivyo hivyo. Barua zote za karakana zimo humo: vipimo vya vinu vya posho, michoro, anwani za wateja kutoka Elburgon mpaka Kariandusi. Siku ile ya Januari kompyuta ilizimwa vibaya. Kiprugut alichomoa waya ukutani, na simlaumu, moshi ulikuwa unaonekana kutoka dirishani.

Na kuna jambo ambalo siwezi kulisema popote ila hapa. Asubuhi ya siku ile ile Mzee alifunga mlango wa ofisi akanipa maneno ya kuchapa. Barua pepe kwa Vikram, ndugu yake aliyeko Leicester, anayemiliki karakana pamoja naye, ikisema: Mwambie yule rafiki yako wa Nairobi achukue. Plot, mashine, yote. Tunataka kuondoka kabla ya Pasaka. Huyo rafiki anaitaka plot tu, ajenge ghala. Hana haja na vinu wala na sisi wafanyakazi. Nilibonyeza Send. Mzee akauliza imeenda? Nikasema imeenda. Akaniambia Mama Kamla, mkewe, asijue mpaka jibu lije.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi, Naliaka. Kiprugut ana watoto wanne shuleni. Wawira hana hata nyumba sasa, ilichomwa, analala kwa shangazi yake. Kila nikiwaona wakinoa nyundo za kinu natamani kuwaambia, halafu narudi mezani kwangu. Pasaka ni mwezi huu.


Jumanne, 4 Machi 2008

Fancy wa cyber ya ghorofani ameshuka kuangalia mashine. Akabonyeza mara mbili tatu, akasema yale ambayo mafundi wote wa kompyuta wa mji huu husema:

"Hii ni ku-format tu, madam. Kesho iko fresh."

Nikamuuliza, na barua? Barua zitapotea, akasema, lakini mashine itakuwa fast. Fast ya kwenda wapi? Nilimwambia akizifuta hizo barua itabidi anifute na mimi, maana Mzee hataniacha. Akacheka. Akasema basi kuna njia nyingine, lakini ni ndefu kidogo.

Kumbe kilichoharibika si barua, ni profile. Yeye huieleza hivi: "Profile ni nyumba, madam, barua ni vitu. Nyumba imeanguka but vitu viko. Tunajenga ingine, tunahamisha."

Wawira alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hata yeye angependa kuhama namna hiyo, na vitu. Fancy akainamia keyboard. Halafu Wawira mwenyewe akamuuliza anaweka sukari ngapi. Huyu msichana ana moyo mkubwa kuliko wangu.


Alhamisi, 6 Machi 2008

Siku gani hii! Sijui nianzie wapi.

Fancy alikuja baada ya chakula. Kwanza alinakili lile faili kubwa la barua kwenye flash disk yake, akanipa niishike. "Hii ndio insurance yako." Niliishika kama mtoto mchanga. Kisha akaingia kule ndani kwa mitambo, akaanzisha profile mpya, akaniuliza tuiite nani. Nikasema Karakana. Ile ya zamani akaiacha palepale, hakuigusa. Alisema mtu habomoi ya kale kabla hajalala kwa mpya. Akaandika anwani yetu, akaandika siri ya kuingilia, akafungua.

Tupu! Hakuna barua hata moja. Ukurasa mweupe kama sahani ya Mungu. Nikakaa juu ya katoni ya boliti. Fancy wala hakugeuka. Akasema tulia, mathe, bado vitu viko nje kwa lori. Akaielekeza ile profile mpya kwenye faili la zamani, akafunga, akafungua tena.

Zikaja. Zote. Elburgon, Rongai, yule mwalimu msumbufu wa Njoro, michoro ya 2003, hata picha za harusi ya Tanya binti yake Mzee. Nilimkumbatia Fancy. Nikaenda chooni nikalia kidogo, kilio cha raha, nikanawa uso nikarudi. Wakati huo Fancy alikuwa ameshachomoa simu ya mezani na kuunganisha kompyuta kwa laini, ili tujaribu kutuma barua moja tuone kama inakwenda.

Ndipo nikaona. Upande wa kushoto, kwa wino mzito: Outbox, na moja pembeni yake.

Kwetu barua haziendi ukibonyeza Send. Zinalala Outbox mpaka saa kumi, wateja wakishamaliza kupiga simu. Hapo ndipo napiga laini mara moja, zote zinaondoka pamoja. Ndivyo Mzee alivyotaka tangu mwanzo. Lakini tumezoea kusema "imeenda" barua ikitoka tu machoni. Na siku ile ya Januari, saa kumi haikutukuta ofisini.

Haikuenda! Wiki hizi zote barua ya Mzee imelala hekaluni ndani ya blanketi.

Nilikuwa bado nimeduwaa nikasikia kompyuta inaanza kupiga laini, ule mlio wake wa jogoo anayenyongwa. Fancy alikuwa ameandika barua yake ya majaribio na kubonyeza. Nikamuuliza, hiyo nyingine je? Akasema zitaenda zote pamoja, si ndio kazi yake. Nilirukia ukuta nikang'oa waya. Kipande cha plasta kilitoka nao.

Fancy aligeuza kiti. "Madam, uko sawa?"

Nikamwambia niko sawa, kuna barua ya Mzee ambayo lazima aiangalie kwanza, tujaribu siku nyingine. Alirudisha simu mahali pake, akapanda juu akitikisa kichwa. Huo waya wa simu wa kompyuta niliukunja nikautia mkobani. Naandika haya nyumbani kwa furaha. Hatujauzwa. Jamani, hatujauzwa.


Ijumaa, 7 Machi 2008

Waya umeenda kazini nami na umerudi nami. Nimemwambia Mzee kwamba Fancy hajamaliza. Ni kweli nusu.

Mama Kamla amepita na mithai, vitamu vya Kihindi vya kufungia wiki, akaketi ofisini kwangu kulalamika. Vikram hupiga simu nyumbani kila Jumapili na Mzee hataki kuishika. Simu ikilia tu, anakwenda kuoga. Jumapili iliyopita ameoga mpaka tangi likaisha maji. Akimuuliza kuna nini, Mzee anasema huyo anajua alichoulizwa, aandike jibu. Mama anadhani wamegombania mambo ya mama yao. Nilitafuna mithai ya pili.

Mchana wamekuja wakulima watatu kutoka Rongai, wageni wa Kiprugut. Vinu vyao vimeharibika vyote, wanataka vipya vitano, viwe tayari mavuno yakianza. Kiprugut alikuwa anang'aa uso. Mzee akawapa chai, akawasikiliza vizuri, akawaambia atawajibu Jumatatu. Walipotoka Kiprugut alinifuata kwenye kabati la boliti: "Madam, huyu mzee ana nini? Kazi imekuja na miguu yake, yeye anaambia watu Jumatatu."

Jioni Mzee akaja kusimama mezani kwangu. Akaniuliza pole pole kama mashine ikipona nitamwangalizia jibu la Vikram.

"Mimi nataka kujua tu, Naliaka. Neno nilishatoa. Kama yeye ameuza, ameuza. Lakini saa hii niko kama mtu anasimama na mguu moja. Nitaambia hawa watu wa Rongai nini?"

Ningemwambia palepale. Mdomo ulifunguka, nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mapema.


Jumamosi, 8 Machi 2008

Nimefua mapazia. Nimefua hata yale masafi.

Naogopa kitu kimoja tu. Nikimwambia haikuenda, anaweza kusema: basi itume sasa. Mzee ni mtu wa neno lake, hilo kila mtu wa mji huu anajua na ndiyo sababu wanamletea kazi. Nitakuwa nimeiua karakana kwa mkono wangu, mara ya pili.


Jumapili, 9 Machi 2008

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza kwamba naweza kuifuta. Kidole kimoja, na hakuna atakayejua mpaka mwisho wa dunia.

Lakini nikiifuta, Mzee ataendelea kumkimbia ndugu yake bafuni. Na siku akichoka kungoja jibu ataandika nyingine, na hiyo itaenda. Tena barua si yangu. Niliichapa tu. Kesho namwambia. Heri nusu shari kuliko shari kamili.


Jumatatu, 10 Machi 2008

Naandika hapa ofisini, daftari liko chini ya katalogi ya mikanda. Siwezi kungoja nyumbani.

Nimemwambia. Alipoingia nilimwomba afunge mlango, nikasema yote bila kupumua — Outbox, saa kumi, ile Ijumaa, Kiprugut na waya wa ukutani. Alinitazama kama anayesikia lugha ya kigeni.

"Haikuenda?"

"Haikuenda, Mzee. Iko hapa."

"Vikram hajaona?"

"Hajaona."

Akavaa miwani, akasema nimfungulie. Aliisoma akisogeza midomo, akarudi juu, akaisoma tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akaguna.

"Huyu mtu aliandika hii alikuwa na woga sana."

Nikasema, sote tulikuwa na woga, Mzee. Akaitikia kwa kichwa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta muda mrefu. Kisha akasema maskini Vikram, anapigia mtu simu kila Jumapili na huyo mtu anaenda kuoga. Akaanza kucheka, mabega tu, bila sauti. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia.

Nilimuuliza tuitume ama tuifute. Akainua mkono.

"Usiguse kwanza."

Akavuta simu. Miaka yote hii ni mimi ninayempigia namba. Leo amepiga mwenyewe, akakosea, akarudia akizitaja namba kwa sauti. Sikusikia upande wa pili, lakini alipoita jina la ndugu yake sauti ilimkatika. Nilitaka kutoka, akaniashiria nibaki.

Wanazungumza Kipunjabi. Naokota maneno mawili matatu. Imeli, imeli — na anainyooshea kidole kompyuta, kana kwamba Vikram anaiona. Nairobi, amesema mara moja, na hapo akawa anasikiliza tu, na mimi nikashika ukingo wa meza. Sasa nimesikia Rongai. Nimesikia na jina la Kiprugut.

Kiprugut mwenyewe amechungulia mlangoni, wale wakulima wamefika, wako kwenye benchi. Nimemwambia awape chai. Nyuma yake yuko Fancy, anauliza kwa kunong'ona kama laini iko huru sasa tumalize majaribio. Laini ni hii moja. Nimemwonyesha simu kwa kidevu.

Ameuliza Mzee atachukua muda gani. Mzee huzungumza kwa simu akiwa amesimama, ndivyo nilivyomkuta nilipoajiriwa, hata na watu wa benki. Sasa hivi amevuta kiti changu kwa mguu, amekaa. Nimemwambia Fancy arudi kesho.