Mdomo wa Tanuri, Bashay

Jumatatu, 8 Septemba
Tumepanga matofali mabichi hadi juu. Mgongo umekufa ganzi. Mama Paskalina, mwenye matofali, alileta uji akauliza kama Waha wote hupanga polepole hivi. Nikamwambia mimi ndiye mwepesi wao. Akacheka. Anataka kujenga kabla ya mvua. Yeye na watoto wanalala jikoni kwa shemeji yake.

Mama yangu alizikwa Kasulu mwezi uliopita. Sikufika. Kaka amesema matanga yanaanuliwa Jumapili ya tarehe 21, na mimi kitinda mimba nisikose. Tanuri likitoka salama naondoka. Sijalia bado.

Jumatano, 10 Septemba
Kuni hazijafika. Nimekwenda kumbebea mizigo mpiga picha kutoka Arusha, anaitwa Frenki. Mhubiri mmoja amemwagiza picha za Jehanamu, za kuweka kwenye mabango ya mkutano wa injili. Tulishuka ng'ambo ya Yaeda Chini, kwenye maji ya moto. Chumvi nyeupe, tope linachemka, mvuke. Frenki alirudi nyuma, akaniuliza:
"Fundi, huogopi?"
Nikasema pananuka mayai viza.
Akaomba aje kupiga picha tanuri likiwaka. Sawa.

Ijumaa, 12 Septemba
Tumewasha. Macho yanauma.

Jumamosi, 13 Septemba
Moto ulifika juu mchana. Mimi na mwenzangu Safari tukaziba midomo yote ya kuingizia kuni kwa tope. Hapo tanuri haliguswi mpaka lipoe lenyewe. Upepo ukiingia, tofali linapasuka.

Frenki alifika jioni, gari lilikwama njiani. Safari alishaenda kuoga. Frenki hakubembeleza sana. Alisema, "Dakika moja tu, fundi. Atakayeuona moto huu atatubu."

Nikachukua jembe nikabomoa mdomo mmoja. Si kwa ajili yake. Nilitaka kuona kama nitaogopa. Kama nitahisi chochote. Ndani kulikuwa kwekundu, kunanguruma. Nyusi ziliungua. Sikuhisi kitu. Upepo ulikuwa mkali, na tope nililobakiza lilikuwa limekauka. Nilichelewa kuziba.

Jumatatu, 15 Septemba
Sijamwambia mtu. Nimekula, nimelala.

Alhamisi, 18 Septemba
Tumefungua. Upande wote wa mdomo ule umepasuka. Safari alianza kulaumu kuni. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama kama mgonjwa.

Kwa Mama Paskalina nilikwenda mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliokota tofali, likakatikia mkononi.
"Ulifungua ili iweje?"
"Picha, mama."
"Picha!" Akakaa chini. Baadaye akasema, "Nenda kwenu kwa msiba. Safari atafyatua mengine."
Safari peke yake hamalizi kabla ya mvua. Mama Paskalina anajua. Mimi pia najua.

Ijumaa, 19 Septemba
Basi la Kasulu lingekuwa la leo. Nimechimba udongo.

Jumapili, 21 Septemba
Kaka alipiga simu. Nyuma yake watu wanaimba. Akauliza nimefika wapi. Nikasema niko Bashay, shimoni, nachanganya udongo. Akasema mama alinitaja mwishoni. Akakata.

Nikaendelea kukanyaga. Mama Paskalina alitoka kanisani akapita kwangu. Alivua viatu, akapandisha khanga, akashuka shimoni. Tukakanyaga pamoja. Tope lilikuwa baridi. Nililisikia hadi magotini.