Matuta Saba ya Mtaa Wetu

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wagonjwa wako huko wodini, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimetulia. Huku hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti yanamgombeza kila asubuhi naye anayagombeza pia. Mimi nipo, bado ni karani wa masijala kule manispaa, nagonga mihuri na kumeza vumbi la mafaili.

Umeniuliza kama ni kweli unayoyasikia kuhusu mumeo na barabara ya mtaa wetu. Ni kweli, dada, na huko hujayasikia yote.

Unaujua mtaa wetu. Unaanzia getini kwetu, unapita nyumba sita, unagonga ukuta wa ghala na kuishia hapo. Ni mtaa ambao paka hulala katikati ya barabara mpaka jua limchome. Magari ni mawili: la nesi wa nyumba ya tatu, na la mwalimu mstaafu, ambalo huwaka mara moja kwa wiki kwa kusukumwa. Basi katika mtaa huo, msimamizi wa barabara ndogo ndogo, yaani mumeo, shemeji yangu, amejenga matuta saba. Nimeyahesabu kwa miguu yangu. Ukishuka moja hujamaliza kushukuru, unapanda jingine. Nayo ni manene, kana kwamba tunasubiri malori yatoke ndani ya ule ukuta.

Katikati, kati ya tuta la nne na la tano, kachora alama za pundamilia za kuvukia watu. Upande mmoja zinaanzia kwenye mtaro, upande wa pili zinakwenda kugonga kibaraza cha fundi cherehani. Anayevuka anavuka kwenda wapi? Halafu kila upande kasimamisha nguzo nyeupe, hazina maandishi wala picha, zimesimama tu kama wageni waliokosea nyumba. Fundi cherehani sasa anaanika nguo hapo.

Mwalimu mstaafu hawezi tena kusukumwa. Gari lake likifika tuta la pili linakaa juu kama kuku atamiaye, na sisi tunarudi nyumbani. Nesi alikwaruza tumbo la gari lake siku ya kwanza, akashuka, akalitazama lile tuta kwa muda mrefu, akasema kuwa aliyelijenga apimwe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Sikuficha dharau yangu, na kwako sitaificha. Unajua siku zote nimemwona mumeo ni mtu wa ndiyo mzee. Karatasi ikimwambia chimba, anachimba. Ikimwambia fukia, anafukia. Hana swali. Mtu mzima, mwenye cheti, anasimama kwenye kichochoro kisicho na gari anapima tuta la saba kwa kamba, jasho linamtoka, wala hajiulizi! Ofisini nikampachika jina la Bwana Matuta. Lilisambaa kabla ya chai ya saa nne. Mpaka wafagiaji wanamwita hivyo, naye anaitika.

Nilimuuliza mara moja, mbele ya watu, matuta yale ni ya kumzuia nani. Akajibu taratibu kwamba yaliombwa, akaondoka. Nikawaambia wenzangu kwamba labda yaliombwa na paka.

Mama naye alikasirika, ila kwa jambo lake. Alisema manispaa ina vibarua wa kujenga vichuguu barabarani, na mimi mwanawe wa manispaa nimeshindwa kumtafutia mtu mmoja wa kumlimia bustani nyuma ya nyumba, na alikwisha kuniandikia. Nikamjibu kwamba nimeiona karatasi yake, asubiri. Nilimdanganya, dada. Sikuwa nimeiona karatasi yoyote.

Wiki iliyopita mambo yakageuka. Nesi alipeleka malalamiko, na kamati ikataka kujua nani aliomba kazi ile. Mumeo aliandika mstari mmoja tu, kwamba ni uamuzi wake mwenyewe na hakuna wa kulaumiwa mwingine. Wakamsimamisha kazi, wakasema Ijumaa wataamua kama wamfukuze. Mimi nikaagizwa kulitoa faili. Ndani hamkuwa na ombi. Nikafungua daftari la barua zilizopokelewa, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: ombi la mkazi, matuta saba, na anwani ya nyumba yetu.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. Nilimkuta anapiga pasi shati, ingawa siku hizi hana pa kulivalia. Nikamuuliza karatasi iko wapi. Alisita sana, kisha akaitoa kwenye Msahafu wake. Ilikuwa nyuma ya bili ya zamani ya maji. Unamjua mama, alipiga chapa maofisini miaka thelathini, hata chumvi anaiomba kama anaiandikia serikali. Aliandika hivi: “Naomba matuta saba, kuanzia getini hadi ukuta wa mwisho. Yawe manene, mvua ziko karibu. Katikati iachwe njia ya kuvukia kwa miguu, na kila upande ziwekwe nguzo.” Na juu yake, muhuri wangu, na sahihi yangu.

Ni matuta ya viazi, dada. Geti la uani, ukuta wa uani, na nguzo za kufungia kamba ili kuku wasiingie. Karatasi aliiacha mezani asubuhi, nami niliizoa pamoja na barua za wakazi nilizokuwa nimezileta nyumbani, nikaipeleka kazini, nikanakili daftarini maneno ya mwanzo na anwani ya kwenye bili, nikaigonga muhuri bila kuisoma.

Nikamuuliza mumeo kwa nini hakuuliza. Akasema aliutambua mwandiko mara tu alipouona, kwa sababu ndio uliomjibu alipokuposa, na barua ile anayo mpaka leo. Akasema mkwe wake hajawahi kumwomba kitu tangu akuoe. Sasa amwendee akamuulize mama yake wa pili, matuta ya nini? Alidhani mama ana hofu zake ambazo hakutaka kuzisema. Akajenga kama alivyoandikiwa, saba, manene. Malalamiko yalipokuja akaitoa karatasi kwenye faili, ili mama asiitwe mbele ya kamati akachekwe. Akaniomba na mimi ninyamaze.

Sikunyamaza. Leo asubuhi nimeandika maelezo yangu, nimeyapeleka kwa mwenyekiti pamoja na daftari, na nimemwambia mama kila kitu. Mama hakucheka. Aliniuliza kama niliisoma karatasi yake. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mumeo aliisoma. Nikasema ndiyo, aliisoma yote. Akafunga kitenge chake vizuri, akasema Ijumaa atakwenda mwenyewe kwenye kamati, na atakaa upande wa mkwewe.

Mumeo amekasirika nami kwa kumtaja mama. Ana haki. Mpigie simu, dada, wala usimtaje mtu anayeitwa Bwana Matuta. Jina hilo nililitunga mimi, na mimi ndiye nitakayelila.

Wasalimie wenzako wa wodini, na usiache kujifunika kifua. Mama anakusalimu, kwa kalamu yake mwenyewe hapo chini. Safari hii nimesoma.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Karani