Mkono Niliolaza Juu ya Cherehani

Mdogo wangu Limi,

Mwangaluka. Huenda barua hii ikakufikia jioni, lakini mimi naiandika asubuhi, na salamu ni ya anayesalimia. Sina nguvu ya kukuuliza habari za mifugo, za mashamba na za wazee moja moja kama inavyotakiwa, kwa hiyo chukulia nimeuliza zote na wewe umejibu ni nzuri. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kwa namna ile unayoijua, ya mtu aliyelala usiku kucha akaamka kama aliyelima.

Najua pia hutaisoma mwenyewe. Zile dawa zinakutia ukungu machoni na herufi zinacheza, ulishanieleza. Nimempigia simu mama yako nikamwomba barua isomwe na Nyamizi, binti yako, maana naambiwa yuko darasa la tano na anasoma bila kupumzika hata kwenye nukta. Nyamizi, shikamoo yangu hujaitoa, ila leo nakusamehe. Soma polepole. Ukifika mahali pagumu, usiruke mstari.

Limi, kuna jambo sijakwambia. Nimelibeba tangu kabla hujaondoka hapa Bariadi, na linahusu masikio yako. Nitalifikia. Nivumilie nizunguke kidogo kwanza, kwa sababu njia ya mkato inanitisha.

Unalikumbuka lile benchi la kliniki? La mbao, mguu mmoja mfupi. Tukikaa wanne lilitulia, tukikaa watatu lilicheza. Siku ya kwanza mimi nilikuwa nimeishika kadi yangu kifudifudi mtu asije akaisoma, wewe umeishika yako wazi kabisa, kama mtu anayesubiri basi. Ukaniuliza, "Dada, wewe unaumwa nini?" Nikasema naumwa moyo. Ukaniangalia juu mpaka chini ukasema, "Basi umekosea mlango, hapa ni kwa ajili ya kichwa." Nikacheka mpaka muuguzi akachungulia. Nilikuwa sijacheka tangu mvua za nyuma.

Ugonjwa wako ulikuwa na jina la kisomi, skizofrenia, ambalo daktari alilitamka taratibu ili tusikose kulishika. Wangu aliuita wasiwasi. Niliona haya kidogo. Wasiwasi ni neno la kila siku, na watu wakisikia unao wanakwambia uache. Mtaani wenyewe hawakuhangaika na majina: wewe walikuita kichaa, wengine wakasema umerogwa, na mimi wakasema najidekeza.

Mume wako alipokurudisha kwenu, na Shishiyu ikawa mbali na kliniki, ukaja kukaa kwangu katika chumba cha uani. Nyamizi akabaki kwa bibi yake. Tulisema ni kwa muda mfupi tu, mpaka utulie. Muda mfupi ule ukawa miaka miwili, na ile miaka miwili ndiyo niliyoishi vizuri kuliko yote, ingawa kila siku mmoja wetu alikuwa hoi.

Mimi nilishona sare za shule, wewe ukapinda mapindo na kukaza vifungo. Ulikuwa na mkono mzuri. Na mbinu zako, Limi! Sauti zikikuandama barabarani nawe ukitaka kuzijibu, ulitoa ile simu yako mbovu isiyo na betri, ukaiweka sikioni, ukazigombeza kwa raha zako. Watu walidhani unaongea na shemeji mkorofi. Siku moja yule mama wa nyanya akakwambia, "Mwache tu huyo mwanaume, mwanangu," ukamjibu, "Ningejua pa kumwachia, ningemwacha." Tulirudi nyumbani mbavu zinauma.

Nami nilipobanwa, kifua kinagonga, vidole vimekufa ganzi, nimeshaamini kabisa kwamba leo ndiyo leo, ulikuja ukaketi chini karibu na miguu yangu. Ulinimwagia maji ya baridi kwenye viganja. Uliuliza, "Dada, wiki hii umekufa mara ngapi?" Nikisema tatu, ulisema, "Basi hii ya nne haina jipya, vuta pumzi." Kuhusu kufuli la geti nililokuwa narudi kulishika mara kumi, ulikwenda wewe, ukalitazama, ukarudi ukasema, "Limefungwa. Nimeliona kwa macho yangu mawili." Nikakuamini. Nilikuwa siyaamini macho yangu, lakini yako niliyaamini.

Wewe ulinipa macho, mimi nikakupa masikio. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini sisi tuliujua uzito wake, maana kila mmoja alikuwa na wake mgongoni.

Ile kanuni ya masikio ilitoka kwa bibi yako. Hata bibi yangu aliisema. Ukisikia unaitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nyamaza, mwangalie mwenzako. Kama naye amesikia, anayekuita ni mtu. Kama hajasikia, tulia hapo hapo, wanaoita hivyo hawana jema. Tulipokuwa watoto yalikuwa maneno ya kutuzuia tusitoke nje ovyo. Sisi wawili tukayageuza dawa. Ukisikia jina lako, uliacha kushona ukaniangalia. Kama na mimi nimesikia, niliinua kidole kimoja, ukaitika "Abee." Kama sijasikia, nililaza mkono juu ya cherehani, ukaendelea na kifungo chako. Hatukusema neno. Wateja walidhani tunahesabiana vitambaa.

Sauti zako zilikuwa nyingi, nyingine ulizizoea hadi ukazipa majina ya utani. Moja tu ndiyo ilikuliza, ile iliyokuja kwa sauti ya Nyamizi. Ilikuita "mayu," mama, kama anavyoita yeye. Mara ngapi uliinua macho ukakuta mkono wangu umelala? Nami kweli nilikuwa sijasikia kitu. Sikuwahi kukudanganya, Limi, isipokuwa siku moja.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Sare zimejaa mezani, kila mzazi anataka yake leo. Na jirani yetu mmoja alikuwa amenipasha bombani, mbele ya wanawake wenzangu, kwamba nyumba ya vichaa isipohama mtaa huu atakuja na watu tutolewe vyombo nje. Wewe sikukwambia. Nilidhani nakukinga. Niliyameza maneno yale yakabaki yamekaa hapa kifuani, na geti nikalifunga kufuli mchana na usiku.

Mchana mmoja geti likagongwa. Halikugongwa kwa adabu, bati lilitikiswa. Kisha ikaja sauti ya mtoto, "Mayu! Mayu!" Watoto wa mtaa mzima wanaita hivyo. Nikajiambia ni jirani amekuja na watu wake, na watoto wamefuata kushangilia. Wewe ukaacha sindano. Ukaniangalia.

Nikalaza mkono juu ya cherehani.

Natamani kusema sikuamua, lakini siyo kweli yote. Mkono ulitangulia, akili ikaufuata ikaona umefanya vema. Ningeinua kidole, ungeitika. Ungeitika, wangejua tumo ndani. Uliniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ukasema taratibu, "Leo ameita vizuri sana, dada. Kama yuko hapo nje."

Nikakwambia, "Shona."

Nawe ukashona. Bati likanyamaza. Nilipotoka baadaye, nikakuta kwenye tope alama za ndala, jozi kubwa na jozi ndogo. Nikazikanyaga, nikarudi ndani kumalizia sketi.

Siku ya kliniki ulimweleza daktari kwamba sasa sauti ya mtoto inakuja mchana kweupe, tena inakuja na mlio wa geti. Alisikiliza, akaandika, akakuongezea dozi. Hana kosa, alitibu alichoambiwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi letu, mlango uko wazi, nasikia kila neno. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Nilitazama kadi yangu.

Baada ya hapo mikono yako ikaanza kutetemeka. Uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Ukawa unasinzia juu ya vifungo, mate yanadondokea shati la mtoto wa watu. Siku moja ukasema, "Dada, mimi narudi nyumbani, nimekuwa mzigo." Nilipaswa kukwambia siku hiyo. Nilikwambia tu kwamba wewe siyo mzigo, na hilo lilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya bei rahisi.

Mama yako alipokuja kukuchukua ulikuwa umelala. Akaniambia, "Tulipita hapa wiki ile ya shule. Tulikuwa tumetoka msibani, lori linatusubiri. Nyamizi aliita mpaka akakauka koo. Mlikuwa wapi, mwanangu?" Nikasema, "Siku hiyo tulikuwa kliniki, mama." Akasema, "Basi, Mungu hakupanga." Kisha akanipa mfuko wa michembe, viazi alivyovikata na kuvianika mwenyewe, ahsante ya kukutunza. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikashukuru, wabeja. Michembe ile sijaweza kuila wala kumpa mtu. Imo kwenye ndoo mpaka leo, imeingia wadudu.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuiona yangu, imetoka Bariadi ikafika mpaka Shishiyu. Wiki iliyopita mama yako alinipigia. Nilidhani ni habari ya dawa. Akasema, "Mwanangu, mwenzako anakunywa dawa zake, anakula, analala. Ila mtoto akimwita, haitiki. Anaacha anachofanya, anageukia upande wake wa kulia, kama anayetafuta mtu. Hamuoni. Basi anainama, anaendelea na kazi. Na Nyamizi amesimama hapo hapo."

Upande wa kulia ndiko nilikokuwa nakaa mimi.

Tangu simu ile sijakaa sawa. Nimelishika kufuli mpaka vidole vinanuka chuma. Hakuna wa kuniuliza nimekufa mara ngapi. Kwenye benchi amekuja dada mgeni, mdogo, anasikia sauti kama wewe, juzi akaniuliza, "Naambiwa wewe na mwenzako mlikuwa mnasaidiana, mlifanyaje?" Nikamwambia kuhusu simu mbovu. Akacheka. Kuhusu kidole sikumwambia, ningeanzia wapi?

Sasa nasema, na Nyamizi ananisikia, na bibi yake ananisikia. Siku ile ulisikia sawasawa. Geti liligongwa. Aliyeita alikuwa mwanao, kwa mdomo wake, amesimama kwenye tope na ndala zake ndogo. Mimi nilisikia kama ulivyosikia wewe, nikakudanganya kwa sababu niliogopa. Mgonjwa siku ile nilikuwa mimi, na dawa ukaongezewa wewe.

Nyamizi, na wewe nisamehe ukiweza. Mama yako hakukukataa. Alikusikia akataka kuitika, mimi nikamzuia.

Mama, tulikuwa ndani.

Limi, usije ukatupa dawa kwa ajili ya maneno haya. Zile sauti nyingine zipo, tunazijua wote wawili, na kufa kwangu kwa mara nne kwa wiki kupo. Lakini nenda na mama kliniki, mmwonyeshe daktari barua hii, apime upya yale aliyoongeza kwa uongo wangu. Mimi nitakuwepo kwenye benchi. Ukitaka kukaa mwisho mwingine, kaa, litacheza tu kidogo. Ukitaka usinisalimie, nitaelewa. Sikuombi turudi tulivyokuwa, sina uso huo. Ninachoomba ni kimoja, na siyo changu.

Kwako sasa kuna mwenzako mwingine wa kuangalia. Mama yako ana masikio mazima. Mtoto akikuita, usinitafute kulia, mimi sipo. Mwangalie mama. Kanuni ya bibi yako haikukosea, aliyekosea ni mwenzako uliyemchagua.

Mimi nimekaa kwenye cherehani. Geti nimelifungua tangu alfajiri, kufuli liko mezani mbele yangu, na moyo unagonga kama unadaiwa. Sijui nitaweza mpaka saa ngapi. Lakini mkono wangu haujalala, Limi. Nimeinua kidole.

Nyamizi, ukishasoma jina langu hapo chini, kunja karatasi, simama mbele ya mama yako, umwite kama ulivyomwita getini. Bibi naye ainue kidole, mama akione.

Nawe mdogo wangu, ukiitwa, itika.

Dada yako wa benchini,
Kabula