Maziwa Uliyomwambia Baba Anywe

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumapili asubuhi, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu kwanza, kwa sababu Mama alitulea hivyo na sitaki alaumiwe kwa ajili yangu. Hujambo? Unaendeleaje na baridi ya huko, na lile goti ulilosema linakusumbua ukipanda ngazi? Shemeji yako hajambo. Wapwa zako hawajambo, wamerefuka mpaka suruali zote zimewakimbia miguuni. Mimi afya ninayo. Baba yuko hai. Nimeandika hivyo makusudi, hebu isome tena.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikifungua mdomo tu, "Dada, nisikilize kwanza," na mpaka nimalize kukusikiliza salio limekwisha, hasira nimebaki nayo mwenyewe. Karatasi haitanikatisha. Kwa hiyo kaa chini, vua viatu, soma mpaka mwisho.

Ujumbe wako wa Ijumaa niliupata. Umeniamuru, eti bila mjadala, nilitie kufuli banda la Baba la kufulia chuma, nimwite mzee wa vyuma chakavu aje azoe kila kitu, nyundo, koleo, jiko, mpaka ile fuawe. Niliusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena, damu ikanichemka. Nitakujibu. Lakini nianzie tulikotoka, maana umeandika kama mtu aliyezisikia habari zetu redioni.

Unakumbuka Baba alivyokuwa baada ya Mama kufariki. Karani wa posta maisha yake yote, mikono laini kuliko yangu mimi mshonaji, akawa anashinda kwenye kiti anatazama mlango. Chakula anakigusa tu. Ukimsalimia anakujibu kama mtu wa dirisha la stempu, "karibu, nikusaidie nini," halafu anakumbuka kwamba ni wewe. Ulipompigia ukamwambia ajaribu kufua chuma, kazi ya kupitisha muda tu, mimi niliona umerukwa na akili. Mzee wa umri ule na nyundo? Lakini ulipatia, na nilikubali umepatia mbele ya Shangazi, jambo ambalo unajua si dogo.

Na vifaa ulimfundisha kuvitafuta kwa akili ya fundi wa kuchomelea uliyekuwa, hilo nakupa. Ulimkataza fuawe ya dukani, akatafuta kipande cha reli, akakifunga juu ya gogo na sasa anagongea vyuma juu yake kwa raha zake. Jiko akalitengeneza kwa dramu ya breki ya lori. Upepo wa kuchochea moto unatoka kwenye mashine ya kukaushia nywele ambayo jirani wa saluni alikuwa anaitupa, na Baba anaishughulikia kama mtoto mchanga. Koleo la kwanza lilikuja limeshika kutu mpaka halifunguki. Alililoweka kwenye oili chafu wiki nzima, akawa kila asubuhi anakwenda kulijulia hali kabla hajaniuliza mimi nimeamkaje.

Usalama pia ulimfundisha, na sijaona mwanafunzi mtiifu kama yule. Miwani havui. Aproni nilimshonea kwa ngozi ya kochi la zamani. Ndoo ya mchanga iko palepale mlangoni. Chuma hata kiwe kimeshakuwa cheusi hakishiki kabla hajakisogezea mgongo wa mkono asikie kama bado kina joto. Siku moja alinifukuza bandani kwa sababu nilivaa gauni la nailoni, akasema likidakwa na cheche litanigandia mwilini. Alinifukuza mbele ya mteja wangu. Nilinuna, lakini moyoni nilifurahi, kwa sababu ilikuwa sauti yake ile ya zamani.

Akaanza kufua kulabu. Mdogo wangu, nyumba hii ina kulabu kuliko vitu vya kutundika. Mtaani wanamwita Mzee Kulabu na hukunjua uso akiitwa hivyo. Hajabisha hodi kwa mtu mkono mtupu tangu aanze. Hata waliokwishamwambia zinatosha, anawaletea.

Sasa tufike pale ninapotaka tufike. Mzee wa vyuma alimletea mabomba ya maji ya zamani, yale yanayong'aa kwa nje kwa sababu yamepakwa zinki yasishike kutu. Yalikuwa rahisi mno, karibu bure. Baba akakupigia akuulize kama yanafaa kuchomwa. Simu ilikuwa mezani kwangu, spika iko wazi, mimi natia uzi kwenye cherehani, kwa hiyo usije ukaniambia sikusikia vizuri. Ulicheka. Ukasema, "Hamna shida, mzee wangu, sisi karakana nzima tulikuwa tunachomelea hayo. We kunywa maziwa tu, yanakata sumu."

Kunywa maziwa tu. Ulisema kirahisi hivyo, ukaanza kuuliza habari za mpira.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia akayawasha. Jirani alikuwa ameanika nguo, na Baba na ustaarabu wake akafunga mlango wa banda ili moshi usizichafue. Nilipomfuata kumwita chakula cha mchana nilikuta moto una rangi ya kijani, moshi mweupe umejaa mpaka darini, na vitu vyepesi kama pamba vinamtua kwenye kofia. Miwani kavaa. Aproni kavaa. Pakiti ya maziwa iko juu ya jiliwa, pale anapobania vyuma vyake. Nikamwambia, Baba, moshi huu siupendi. Akanionyesha pakiti kwa kidole, akatabasamu. Na mimi nikaondoka, kwa sababu wewe ndiye fundi na mimi ni wa sindano.

Jioni alisema mdomoni anasikia utamu wa ajabu. Jua halijazama sawasawa akaanza kutetemeka. Nilimfunika mablanketi yote, nikaongeza na vitambaa vya wateja, meno bado yanagongana, na kifua kinavuta hewa kwa shida, kila pumzi unaisikia. Shemeji yako alimbeba mgongoni hadi barabarani. Sijawahi kuona miguu ya Baba ikining'inia hewani, na nakuombea usije ukaiona.

Daktari aliuliza swali moja, amechoma nini. Nilipomwambia akatikisa kichwa. Akasema ni homa ya moshi wa zinki, kijana mwenye nguvu hutetemeka siku moja akaamka, lakini kwa kifua cha mzee huwezi kucheza hivyo. Nikamwambia, lakini alikunywa maziwa. Akanitazama kwa upole, akanijibu kwamba maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu, na humo mwilini havikutani. Basi. Mtoto wa darasa la nne angeweza kukuuliza hilo. Wewe ulikaa karakana ile miaka yote, mnakohoa, mnakunywa maziwa, kesho mnarudi, na hakuna mmoja wenu aliyejiuliza.

Alilazwa, akaruhusiwa juzi. Bado anakohoa, hasa asubuhi. Tunarudi kupimwa kifua wiki ijayo.

Na wewe, badala ya kusema "nimekosea," umeruka kutoka kwenye maziwa mpaka kwenye kufuli. Hapo ndipo uliponichoma hasa. Daktari mwenyewe hakumkataza kazi. Alimkataza chuma chochote kilichopakwa zinki, na alisema moto ukae mahali pa wazi. Anayemkataza ni wewe, kwa hofu yako, ili wewe ulale. Shangazi amekuunga mkono, alikuja na kufuli lake mwenyewe kwenye mkoba, jipya, bado lina karatasi. Nilimpa chai, nikamrudishia kufuli lake. Hasemi na mimi tangu hapo, na kusema kweli nyumba imetulia.

Banda halifungwi. Nikilifunga nitamrudisha Baba kwenye kile kiti, na safari hii hatanyanyuka, unajua na mimi najua. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa eti unamjali kuliko sisi tunaomfulia mashuka. Mimi na shemeji yako tumelitoa jiko uani, chini ya mbingu, ukuta mmoja tu wa kukinga upepo. Mzee wa vyuma nimemweleza mwenyewe, nondo tupu na springi za gari, kisichopakwa kitu. Akileta kinachong'aa nitamfungulia mashtaka barazani kwake, mbele ya mkewe. Akacheka, lakini ameelewa.

Kilichobaki siwezi kukifanya mimi, na ndicho kilichonifanya nikae nikuandikie. Baba hatuamini. Daktari anamheshimu, anamwitikia "ndiyo daktari" kwa kila neno, halafu tukifika nyumbani ananiambia yule binti hajashika chuma hata siku moja, mwanangu amechomelea miaka sita. Jana nimekuta vipande vitatu vya yale mabomba amevificha nyuma ya tangi la maji, amevifunika kwa gunia. Nilivitupa shimoni nikamfuata ndani nikiwa nimewaka, tayari kumpigia kelele baba yangu mzazi.

Nikamkuta kakaa kitandani. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimekwambia alikunywa kiasi gani. Sikumwelewa. Ndipo akasema siku ile alikunywa nusu tu. Ile nusu nyingine aliwaachia wajukuu waweke kwenye chai, kwa sababu pakiti ilikuwa moja. Kwa hiyo, anasema, kosa ni lake, wewe ulimwelekeza vizuri na yeye hakufuata. Akaniomba nisikwambie, usije ukaona kwamba unapoteza muda wako kumfundisha mzee asiyesikia.

Umeelewa? Mtu alikuwa anakata roho mbele yangu na muda wote huo anaona haya kwamba amekuangusha. Na akipona vizuri atarudia, pakiti nzima safari hii, ili akuonyeshe kwamba anasikia.

Mimi nimemwambia si kosa lake. Shemeji yako amemwambia. Tunausemesha ukuta. Neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Usimtumie ujumbe, atautafsiri anavyotaka. Mpigie, na usianze na "mzee wangu, wataalamu wanasema." Mwambie hivi: Baba, nilikudanganya bila kujua, maziwa hayafanyi kitu, hata ungekunywa ndoo ungeumwa vilevile. Mwambie nilikosea mimi. Atakukatalia, atakutetea kwako mwenyewe, unamjua. Usikubali kutetewa. Usikate simu mpaka umsikie amelirudia kwa mdomo wake kwamba kosa halikuwa lake.

Ukishamaliza hapo, uje unigombeze mimi kuhusu kufuli kama bado una nguvu.

Wapwa zako wanakusalimu, na usiwaambie lolote kuhusu ile chai. Shemeji yako anakusalimu na anasema mgongo wake utapona. Jirani wa saluni anakusalimu, ana kulabu sita sasa. Shangazi angekusalimu kama tungekuwa tunasemeshana. Nisalimie mkeo, mwambie vipimo vyake vimenifikia na gauni nimelikata.

Mungu akulinde huko uliko, akupe kifua kizima, maana na wewe ulivuta moshi ule miaka sita na hakuna aliyekuuliza. Nenda ukapimwe. Nimelifikiria hilo jana nikashindwa kushona.

Baba huamka saa kumi na mbili. Simu nitaiweka karibu na mto wake.

Mimi dada yako, nikupendaye na nikukasirikiaye kwa moyo uleule,

Dada Mkubwa