Rupia ya Mama Kule Mabamba

Jumanne, 9 Desemba 2025
Sikukuu. Leo nimeongea na Mwalimu Ghati bila kuandika maneno kwenye kiganja kwanza. Nimemwomba ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini! Kaka yake huko kwao Tarime anatafuta dhahabu, hii ya zamani akampa yeye. Amekubali. Ila Jumamosi anahama, uhamisho wake umetoka.

Sikumwambia yote. Nilisema tu kwamba Bibi alifukia rupia tano za Mjerumani kule Mabamba, enzi za majambazi, kabla hawajahamia hapa Kibondo mjini. Sikusema kwamba moja ina tundu. Babu aliitoboa, Mama akaivaa shingoni mpaka akawa msichana kama mimi. Alifariki nikiwa na miaka mitatu. Hakuna picha hata moja. Nikijaribu kuukumbuka uso wake, unakuja wa shangazi.

Jumatano, 10 Desemba
Nimesoma kitabu cha maelekezo chote. Kiingereza kigumu. Mashine inaweza kuchagua! Kila metali ina namba yake kwenye kioo: chuma chini kabisa, vizibo vya soda katikati, fedha, kama rupia zetu, juu, themanini na kitu. Ukizifunga namba za chini, inapita juu ya chuma kimya. Nimefunga chuma chote. Kiwanja cha zamani cha Bibi kimejaa misumari ya mabati, tungechimba mpaka Krismasi. Mwalimu akauliza mbona kwenye mtihani wa fizikia sikuwa hivi.

Alhamisi, 11 Desemba
Mabamba, kutwa nzima. Pale sasa ni shamba la mihogo la Mzee Ndayisenga. Ametuuliza kama tumekuja kuifundisha mihogo yake fizikia. Tumepita kila mstari mara mbili. Kizibo. Kizibo. Kijiko cha alumini. Kwenye kona ya lililokuwa jiko, pale Bibi alipotuelekeza — kimya. Labda majambazi walizipata.
Sikula.

Ijumaa, 12 Desemba
Tunachambua maharage, Bibi akauliza kama jembe limeoza. Jembe gani? Lile alilofunikia rupia. Jembe la mahari yake, isuka, walilokuja nalo wakwe siku ya kumposa. Halikulima hata siku moja. Alilifukia na rupia kwa sababu vyote ni vitu vya nyumba, akaliweka juu kama mfuniko.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Uliniuliza rupia,” akasema. “Jembe hukuniuliza.”

Chuma! Juu ya rupia! Na ni mimi niliyeiambia mashine isisikie chuma.

Nimeenda kwa Mwalimu mara tatu nikarudia mlangoni. Lori lake linaondoka kesho asubuhi. Mara ya nne nikabisha hodi. Nikamwambia kosa ni langu. Halafu nikamwambia habari za Mama, zote, nikiangalia ndala zangu. Mwalimu akampigia dereva simu, lori liondoke saa tisa mchana. Akasema safari hii Bibi naye aje.

Nimenunua uzi mweusi dukani kwa Saady.

Jumamosi, 13 Desemba
Naandikia shambani, juu ya goti. Nimekirudisha chuma. Mashine imelia kila hatua, misumari, misumari, Mzee Ndayisenga akauliza kama ina njaa ailetee ugali. Kwenye kona ya jiko — sauti moja, nzito, pana, haikatiki. Tumechimba kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Jembe! Limelala kifudifudi. Kutu tupu, lakini zima.

Mwalimu akainama kuliinua. Nikasema, “Hapana, Mwalimu. Aliinue Bibi.”

Nilisema mimi. Kwa sauti.

Bodaboda imemshusha barabarani. Namwona, kitenge cha kijani katikati ya mihogo. Anasimama, anapumzika, anaanza tena. Mwalimu anaangalia saa. Nimegusa jembe kwa vidole viwili. Ni la baridi.

Uzi wa rupia ya Mama uko mfukoni. Nimeshaupima shingoni. Nimefunga fundo upande mmoja tu.