Watoto Hawahesabiwi, Hata kwa Kiingereza

Maitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini goti lako limepoa na kahawa imetoa maua baada ya mvua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo una hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika barua hii. Na wewe Nyaga kakangu, unayemsomea Mama, soma kila neno nililoandika. Usiruke pale ninapokutaja.

Kwenye simu mliniambia kwa sauti moja, "Taja hiyo namba, yaishe." Sikuwajibu, maana nilikuwa nimesimama kwenye korido na wazee wanasubiri kulishwa. Sasa sikilizeni yote.

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, meneja alitangaza kwamba sisi tuliotoka nchi za nje tuhudhurie darasa la Kiingereza, na asiyepata cheti hapewi mkataba mpya. Mimi! Niliyesoma hadi Form Four, nikachapwa kwa kuongea Kiembu uwanjani! Nilikwenda nimenuna.

Mwalimu wetu, Bi Margaret, si mtu mbaya. Alitupa kadi: nyekundu za viwakilishi, kijani za vitenzi, buluu za nomino. Unazipanga mezani mpaka sentensi ikae sawa. I drink tea. She washes clothes. Nilicheka kidogo, kwa sababu kwetu neno moja linabeba mtu, kazi na wakati, lakini kwa Kiingereza kila neno linataka kiti chake. Sikuona ugumu wowote. Shida ilianza siku tulipoambiwa tueleze jamaa zetu.

"I have children," nikasema.

"Vizuri. How many?"

Nikarudia, "I have children." Masikini, akadhani sijaelewa. Akainua vidole na kuanza kunifundisha one, two, three, mbele ya darasa zima, mimi mtu mzima. Nilimwacha amalize.

Kwenye mtihani mtahini akaniuliza swali lilelile. Nikamjibu kwa Kiingereza safi kwamba ninao, wazima, ahsante kwa kuwaulizia. Akaandika kwamba siwezi kujibu maswali mepesi. Nikafeli. Hapo ndipo nilipowapigia, nanyi mkasema yaishe.

Nyaga, unasema kukataa kuhesabu watoto wasije wakapatwa na baya ni ushirikina wa zamani na sisi tumeokoka. Nikuulize basi: karani wa sensa alipofika kwetu Karurumo, nani alimkodolea macho na kumwambia, "Wapo wa kutosha"? Si Mama huyuhuyu, mshirika wa kanisa? Na Baba, mbuzi wake walipoingia zizini jioni, ulimsikia lini akiwahesabu? Aliwaita kwa rangi zao, akajua nani hajarudi. Kinachohesabiwa ni magunia ya kahawa kwenye mizani ya kiwanda. Mtoto ana jina.

Na kama ingekuwa ni mila tu, labda ningemeza mate nikataja. Maitu, mwambie Nyaga asome hapa polepole. Nikitaja namba, Mbogo nimweke wapi? Nikimhesabu, mtahini ataniuliza ana miaka mingapi, yuko darasa gani. Nikimwacha nje, nitakuwa nimemzika mara ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe, ili nipewe karatasi. Tangu homa ile imchukue, hakuna mtu wa kwetu aliyenilazimisha kuchagua. Mnasema "watoto wa Wanja" na yeye yumo. Nimemlilia huku peke yangu, na sitaki kumlilia mbele ya mtu mwenye kalamu.

Walinipa nafasi ya pili, Jumanne iliyopita. Safari hii mtahini alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole. Alipofika kwenye lile swali, nilimpangia sentensi zangu kama kadi za Bi Margaret, kila neno kwenye kiti chake. "I have Wawira. I have Njeru. I have Mbogo." Nikaona anakunja vidole juu ya meza. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, nikamweleza kwamba kwetu watoto huitwa, hawahesabiwi. Akanitazama kwa huruma, kisha akasema, "So, three."

Nilichukua koti langu nikatoka.

Meneja ameniita leo. "Ni swali dogo tu, Wanja. Rudi wiki ijayo, sema three, tusaini." Nikasema hapana. Akaniuliza kama kweli niko tayari kupoteza kazi kwa ajili ya namba. Nikamwambia sipotezi kazi kwa ajili ya namba, naipoteza kwa ajili ya watoto wangu. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na mimi nakuja nyumbani.

Najua mtasema nimepata wazimu. Karo inangoja na jikoni hakujaezekwa. Naogopa, sitawadanganya. Lakini kabla ya kuja huku nilikuwa nikinunua ndizi Mitunguu na kuziuza Embu, na mgongo huu haujasahau mzigo. Mkono mtupu haulambwi, lakini wangu hautakaa mtupu.

Nisalimie dada yangu aliyeolewa Gachoka, na mke wa Nyaga anayewapikia watoto wangu bila kunung'unika, na shangazi, ambaye najua ataniunga mkono kwa sababu hajawahi kukubaliana na mtu yeyote. Wawira na Njeru wakumbatie kwa niaba yangu. Pitia na kule kwenye migomba alikolala Mbogo, umpalilie, umwambie kwamba mama yake hakumwacha nje.

Majirani wakikuuliza nimerudi na nini, waambie nimewarudia watoto wangu. Wakiuliza ni wangapi, funga mlango.

Ni mimi binti yako,
Wanja